Magari Yaachwe Pembeni, Lakini Tupande Nini?

Katika mjadala wa muhula uliopita mimi nilikuwa mtunza saa, na kama ujuavyo mtunza saa haruhusiwi kuchangia hoja. Nilikaa pale mbele ya ukumbi na kengele mkononi kama sanamu, nikisikiliza maneno yaliyonichoma rohoni, na kila nilipotaka kuinua mkono nilikumbuka kwamba kazi yangu ni kengele tu. Mvumilivu hula mbivu. Leo mhariri amenipa ukurasa, na hapa hakuna wa kunipigia kengele.

Kwa faida ya wale waliokuwa uwanjani wakicheza mpira siku ile, hoja ilikuwa hii: kwamba magari ya kibinafsi yazuiwe kuingia katikati ya jiji la Nairobi, na wenye magari wajengewe viwanja vya kuegesha pembeni mwa jiji, kisha waingie mjini kwa basi au treni kama binadamu wengine. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi, na makofi yakatikisa madirisha. Na kusema ukweli walizungumza vizuri, hasa yule dada wa Kidato cha Nne aliyesema kwamba mtu mmoja aliyejifungia ndani ya gari lake anakalia barabara ambayo ingewatosha watu kumi na zaidi. Hata mimi nilipiga makofi (mtunza saa hajakatazwa kupiga makofi). Lakini hakuna msemaji hata mmoja, wa upande huu wala ule, aliyeuliza swali ambalo kwangu ndilo shina la jambo lote. Huyo mtu akishaacha gari lake pembeni, atapanda nini?

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Basi kubwa la mjini lina urefu wa kama mita 12. Tuseme limebeba watu 60 pamoja na wale waliosimama. Watu hao hao 60 wakitoka nyumbani kila mmoja na gari lake, na tukichukulia kwamba gari dogo lina urefu wa mita 4 tu, basi hata wakibanana bamba kwa bamba bila kuachiana nafasi ya kupitisha mkono, mstari wao utafika mita 240. Hivyo ni viwanja viwili vya mpira vilivyounganishwa kwa urefu na bado mkia umebaki nje. Ukiwapakia katika matatu za abiria 14, utahitaji matatu tano.

Kwa hiyo sipingi kwamba magari madogo yanakula barabara. Yanakula, tena kwa ulafi! Ninalosema ni kwamba hesabu ile ina upande wa pili. Ukishayaondoa magari hayo barabarani, umebaki na watu 60 waliosimama katika kiwanja cha pembeni na mikoba yao mikononi, wakitazama saa. Basi lao liko wapi? Ukija mtaani kwetu saa kumi na mbili u nusu asubuhi hutaona matatu yenye kiti kitupu kinachomngoja mwenye gari. Utaona watu wamejipanga steji hadi kwenye duka la nyama, na makanga anaita "wa mwisho na tunaenda!" huku huyo wa mwisho akiwa ni wa tatu. Mvua ikinyesha, nauli ya hamsini inakuwa mia, na ukiuliza unaambiwa ushuke. Wanafunzi wa kutwa mnanielewa. Wenzetu wa bweni wanatuona tukipiga magoti langoni kwa kuchelewa na wanacheka, wakidhani tulilala. Kuna mmoja wetu ambaye katika mtihani wa mwisho wa mwaka jana aliingia darasani zikiwa zimebaki dakika thelathini, viatu vimejaa matope, na karatasi ya Hisabati haikumngoja. Alikuwa ameamka saa kumi na moja kasorobo.

Basi tujiulize nafasi hizo za kukaa zilikwenda wapi. Walimu wetu wenye mvi kidogo watakumbuka mabasi ya KBS, ambayo yalianza kazi Nairobi mwaka wa 1934, na yale ya Nyayo yaliyoanzishwa na serikali mwaka wa 1986. Mabasi hayo yalikuwa makubwa, na mtu alijua namba ya basi lake na mahali litakapopita. Ya Nyayo yalikufa katika miaka ya 1990, na ya KBS yakadhoofika. Pengo hilo likajazwa na matatu, ambazo mwanzo wake ulikuwa mdogo sana. Inasemekana jina lenyewe lilitokana na mapeni matatu, nauli ya wakati huo, na ni mwaka wa 1973 ndipo Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu zifanye kazi bila leseni zile za uchukuzi walizodaiwa wenye mabasi. Mimi si adui wa matatu. Bila matatu Nairobi ingelala. Lakini tusisahau kwamba matatu ndogo ilikuja kuziba pengo, na pengo likageuka kuwa ndio mpango wenyewe.

Halafu mwaka wa 2004 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, alileta sheria zake maarufu, mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano, na abiria 14 katika gari lililokuwa likibeba 18. Sheria zile zilikuwa za haki, maana roho ya mtu haina duka. Lakini angalia kilichotokea kimyakimya. Katika kila gari viti vinne viliondoka, na hakuna aliyeleta mabasi makubwa ya kuvirudisha. Tulichopata ni magari madogo mengi zaidi juu ya barabara zile zile.

Sasa nije kwenye viwanja vyenyewe, kwa sababu wasemaji wetu walizungumza kana kwamba ni wazo lililoshuka jana kutoka mbinguni. Mwezi wa Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alifungua vitu viwili, vikifuatana kwa siku chache tu. Kimoja ni barabara kuu ya Thika, ile yenye njia nane, na kingine ni stesheni ya reli ya Syokimau, yenye uwanja wa kuegesha magari ili mtu aache gari lake pale na aingie mjini kwa treni. Kwa hiyo wazo tunalo tangu 2012. Barabara ilisifiwa sana, na ni nzuri kweli, lakini ukipita pale Muthaiga asubuhi utaona kwamba njia nane zinaweza kujaa kama zilivyojaa mbili. Mwaka wa 2019 mstari mwekundu ulipakwa katika njia moja ya barabara hiyo ili ipitiwe na mabasi ya kasi peke yake. Rangi ilikauka, ikafifia, miaka ikapita, na mabasi ya mradi huo hayakuja. Watu wakautania sana ule mstari. Mwaka wa 2022 ikafunguliwa barabara ya juu kwa juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, kilomita 27, ya kulipia. Mwenye pesa anaruka juu, sisi tunabaki chini kivulini. Ndugu msomaji, ukitaka kujua mtu anapenda nini, tazama anachonunua.

Sikatai kwamba reli nayo imeguswa. Mwaka wa 2020 zililetwa treni za dizeli zilizokuwa zimetumika Uhispania, na stesheni kadhaa zikafanyiwa matengenezo. Lakini reli ile ya zamani ni ya njia moja. Treni inayokwenda na inayorudi haziwezi kupishana mpaka mojawapo iingie mahali pa kupishania na kungoja. Na treni zenyewe ni za asubuhi na jioni hasa, kana kwamba kila mtu Nairobi anaingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja.

Hapa naomba niwape kisa cha nyumbani. Kwetu si Syokimau, ni upande mwingine kabisa wa jiji, na stesheni yetu sitaitaja kwa sababu sina ugomvi na mtu. Baba ana gari moja kuukuu ambalo analipenda kuliko anavyolipenda jina lake. Mwaka jana bei ya petroli ilipomkaba koo, akaamua kuwa raia mwema. Akawa analiacha gari karibu na stesheni, kwa kuwa kutoka kwetu hadi pale ni mwendo wa nusu saa kwa miguu na njia haina taa, kisha anapanda treni. Kwa muda wa wiki mbili nyumba yetu ilikuwa na amani. Alifika kazini mapema, alirudi amesoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, na hakugombana na mtu. Mama alisema laiti treni ingevumbuliwa kabla hawajaoana.

Alhamisi ya wiki ya pili mkubwa wake alimchelewesha kazini. Alipofika stesheni ya mjini, treni ya mwisho ilikuwa imekwenda zake. Mvua nayo ikaanza. Akaenda kwenye matatu, nauli imekwisha kuwa maradufu, akapata kiti baada ya kusukumana na watu wa rika langu. Matatu haipiti kwenye stesheni, kwa hiyo ilimshusha barabara kuu, akatembea gizani hadi alipoliacha gari, akalikuta limesimama peke yake kama mbuzi aliyesahauliwa malishoni. Alifika nyumbani saa tano ya usiku. Mama hakuuliza neno, alipasha chakula tu.

Jumatatu Baba aliwasha gari lake na kuingia nalo mjini, na hivyo ndivyo anavyofanya hadi leo. Nilimwuliza mbona ameiacha treni. Akanijibu, "Treni ya asubuhi haina makosa. Lakini mtu hanunui safari ya kwenda peke yake."

Mnaona? Wasemaji wetu walisema kwamba wenye magari ni watu wa majivuno, wanapenda kuonekana. Wako wa namna hiyo, sikatai, na hata katika maegesho ya shule yetu tunawajua (nisamehewe na walimu). Lakini wengi wanashika usukani kwa sababu gari ndicho chombo pekee ambacho hakitawaacha mjini usiku. Ukimjengea mtu wa aina hiyo kiwanja chenye lami, taa na mlinzi, hujamjibu swali lake.

Na tusidhani ni Nairobi tu iliyojikwaa hapa. Singapore, nchi ambayo walimu wa Jiografia wanaisifu kila kipindi, ilianza kuwatoza wenye magari ada ya kuingia katikati ya mji asubuhi mwaka wa 1975. Wakati huo huo ilijenga viwanja vya kuegesha kandokando ya eneo hilo na kuweka mabasi ya kuwachukua watu kutoka hapo. Ada ilifaulu, magari yakapungua sana. Viwanja navyo vilibaki karibu vitupu! Watu walioacha magari waliyaacha nyumbani, wakapanda basi la kawaida mtaani kwao, au wakajazana wanne katika gari moja kwa kuwa gari la watu wanne halikulipa. Na ukifikiri utaona ni jambo la akili. Mtu ameshavumilia msongamano wote, amebakiza hatua chache kufika, ndipo umwambie ashuke na kungoja basi? Kiwanja kikiwa karibu na mji kimechelewa. Kinatakiwa kiwe mbali, kabla msongamano haujaanza, na chombo kinachoondoka hapo kiwe cha kasi kuliko gari alilolishuka.

Oxford, kule Uingereza, walifanya kinyume na ndiyo maana walifaulu. Ule ni mji wa kale wenye barabara nyembamba, na badala ya kubomoa majumba ili kupanua barabara waliamua mwaka wa 1973 kuweka viwanja kwenye ukingo wa mji, palipo na barabara kuu zinazoingia. Mabasi yanakuja mfululizo, na kuegesha katikati ya mji ni ghali na kwa shida. Mwenye gari hakuhubiriwa, aliwekewa njia iliyo rahisi kuliko ile ya mwanzo.

Lakini kwa nini twende Ulaya? Tuwatazame majirani zetu. Dar es Salaam walianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakiwa na njia yao wenyewe katikati ya barabara. Mabasi marefu, yenye kiungo katikati, yanapita magari yaliyokwama kana kwamba hayayaoni. Walitutangulia, tukubali. Hata hivyo baadaye abiria walizidi mabasi, na vituo vikajaa watu wanaosubiri huku njia iliyojengwa kwa mabilioni ikiwa tupu mbele yao. Kwa hiyo hata njia bila mabasi ya kutosha ni kama sufuria kubwa juu ya moto bila unga. Wanaopanga mabasi yetu ya kasi wakajifunze Kimara kabla ya kupaka mstari mwingine.

Kuna waliosema katika mjadala kwamba serikali itoe amri tu na watu watazoea. Hao nawakumbusha Jumatatu ya tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya kaunti ya Nairobi ilipozizuia matatu kuingia katikati ya jiji. Steji zilihamishwa pembezoni, lakini hakukuwa na mabasi ya kuwachukua watu kutoka hapo hadi mjini. Maelfu walitembea, wazee kwa vijana, wagonjwa wakielekea hospitalini, wafanyakazi wakielekea ofisini na jasho mgongoni. Amri haikumaliza wiki, ilisimamishwa. Hoja yetu ya juzi ni ile ile amri, ila safari hii imewageukia wenye magari madogo, na kwa kuwa wengi wetu hatuna magari tuliipigia makofi.

Hapo ndipo nilipotaka sana kuinua mkono. Kwa sababu hao wenye magari wakiteremshwa leo bila viti kuongezwa, hawatakwenda kukaa hewani. Watakuja steji yetu. Watapanga foleni pamoja na Mama, na kwa kuwa mifuko yao ni mizito, makanga atawapa kiti wao kwa mia mbili, na Mama ataambiwa asubiri ijayo. Sheria inayotungwa ili kumwadhibu tajiri itaishia kumbana muuza mboga na mwanafunzi wa kutwa. Je, kuna aliyelifikiria hilo kabla ya kupiga kura?

Mimi ningeanza na viti. Fedha za kiwanja kikubwa cha kuegesha zingetangulia kununua mabasi makubwa na kuyapa njia yao, si kwa rangi bali kwa ukuta mdogo wa saruji ambao dereva mjanja hawezi kuuruka. Reli nayo iongezewe mahali pa kupishania, na pale inapowezekana iwe na njia ya pili, ili treni zipite mchana na usiku. Ratiba ya usiku ndiyo ningeipigania kuliko yote, hata kama treni ya saa tatu na ile ya saa nne usiku zitabeba watu kumi tu mwanzoni. Hao kumi ndio watakaowapa wengine mia mbili imani ya kuacha gari asubuhi. Wenye matatu wasifukuzwe, wao ndio wanaoujua mji huu. Wapewe nafasi ya kununua mabasi hayo makubwa kupitia vyama vyao, na zile matatu ndogo ziwe za kuwatoa watu mitaani hadi stesheni, kwa nauli inayojulikana, mvua isinyeshe ama inyeshe.

Hata kiwanja chenyewe, siku yake ikifika, kisiwe cha magari peke yake. Wakazi wengi wa Nairobi hutembea kwa miguu au hupanda matatu, wenye magari ni wachache. Itakuwa ajabu ekari nzima pale stesheni ipewe magari mia kadhaa yanayolala mchana kutwa, na yule anayekuja kwa miguu akose njia yenye taa, akose paa la kujikinga mvua, akose hata pa kufungia baiskeli. Kama Baba angekuwa na njia yenye taa ya nusu saa, nadhani gari lingebaki nyumbani kabisa. Yeye mwenyewe amekanusha, lakini mimi namjua.

Basi nimesema. Nasikia kamati inafikiria kuirudisha hoja hii muhula ujao, kwa sababu upande uliopinga umelalamika kwamba haukujitayarisha. Katibu, tafadhali niandike katika upande huo, na kengele mtafutie mtu mwingine.